Mto Njoro na Wenyewe

Mto Njoro si mto mkubwa. Wakati wa kiangazi mtoto wa shule aweza kuuvuka kwa kurukaruka juu ya mawe bila ya kulowesha viatu vyake, na urefu wake wote, tangu milima ya Mau hata Ziwa Nakuru, ni kama kilomita 60 tu. Hata hivyo, si mito mingi katika Bonde la Ufa iliyopimwa, iliyogombewa, iliyolaumiwa na kupandiwa miti kama mto huu mdogo. Habari zake zafaa kufahamiwa na kila mtu akaaye karibu na mto wowote, kwa kuwa zaonyesha jambo lisemwalo kwa nadra, nalo ni kwamba mto huharibika upesi zaidi mikononi mwa wapitaji kuliko mikononi mwa majirani.

Jina lenyewe lataja maji. Wamaasai, ambao ng'ombe wao walikunywa katika nchi hii kabla ya reli kufika Nakuru mwaka 1900, huita chemchemi enchoro, na neno hilo lasikika vilevile katika jina la Ol Joro Orok. Mto huanzia Mau Mashariki, karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, mahali penye baridi na ukungu, mianzi na mitarakwa. Hushuka kupita Nessuit, hupokea maji ya kijito cha Little Shuru, hupita kando ya Chuo Kikuu cha Egerton na mji wa Njoro, hukata mashamba ya ngano na mahindi, kisha hufika upande wa magharibi wa Nakuru karibu na mitaa ya Kaptembwo na Rhonda, na mwisho hujitia ziwani, penye kimo cha mita 1,760 hivi. Ziwa hilo halina mto utokao. Lolote liletwalo na mto, likiwa ni udongo, mbolea, sabuni ama taka za mji, hukaa humo. Maji huchukuliwa na jua, taka hazichukuliwi.

Ujirani wa watu na mto huu ni wa kale mno. Mwaka 1938 Louis Leakey na mkewe Mary walichimba katika pango moja lililo kando yake, wakakuta mabaki ya makumi ya watu ambao miili yao ilichomwa moto baada ya kufa. Pamoja nao yalikuwamo mabakuli ya mawe, michi, mawe ya kusagia, vibuyu vilivyogeuka makaa, na shanga nyingi za mawe ya rangi. Mabingwa huhesabu ya kuwa mambo hayo yalitendeka yapata miaka 3,000 iliyopita. Hakuna ajuaye watu hao waliomboleza kwa lugha gani. Lakini walipotafuta mahali pa kuwaweka wapenzi wao na mapambo yao, walichagua ukingo wa mto. Yafaa kulikumbuka jambo hilo kila isemwapo ya kuwa kupenda nchi ya porini ni desturi iliyoletwa na watalii.

Huko juu msituni waliishi Waogiek, na wengine wao wangali wanaishi huko. Kwao msitu haukuwa pori tupu lisilo na mwenyewe. Kila ukoo ulikuwa na sehemu yake, ambayo kwa kawaida ilikuwa ukanda mrefu ulioshuka kutoka juu ya mlima kwenda chini, na mpaka wake mara nyingi ulikuwa kijito. Sababu yake ilikuwa nyuki. Maua ya msituni hayachanui pamoja; hutangulia ya kimo hiki, yakafuata ya kimo kingine, na nyuki huyafuata. Ukoo uliotaka asali kwa miezi mingi ulihitaji kutundika mizinga katika kila kimo, na mizinga hiyo ilichongwa kwa mtarakwa, mti ambao hauozi upesi wala hauliwi na wadudu. Aliyekata mti wa maua alikata asali yake ya mwaka ujao. Aliyevuka kijito na kugusa mzinga wa mwenziwe alijulikana, akashtakiwa mbele ya wazee. Hapakuwa na bwana misitu, wala hapakuwa na haja naye.

Serikali ya kikoloni ilipotangaza misitu kuwa mali ya Serikali, Waogiek walihesabiwa kuwa wavamizi katika nyumba yao wenyewe. Miti ya asili ilikatwa kwa mbao na kwa kuni za garimoshi, na mahali pake ikapandwa misonobari na misaiprasi kwa safu zilizonyooka. Vibarua walilima kwa utaratibu ulioitwa "shamba": mtu alipewa kipande cha kupanda viazi na mahindi katikati ya miche, akaipalilia miche hiyo pamoja na chakula chake, na miche ilipokua akahamishiwa kipande kingine. Utaratibu huo ulikuza miti mingi, na si haki kuubeza. Lakini haukumkuza jirani hata mmoja. Mtu ajuaye ya kuwa atahamishwa baada ya miaka michache ana haja gani ya kuuliza chemchemi itakuwaje mwaka wa kumi?

Baada ya Uhuru mambo hayakutengenea kama ilivyotazamiwa. Katika miaka ya 1990 watu walianza kugawiwa mashamba ndani ya msitu, na mwaka 2001 Serikali ilitoa rasmi katika Mau Mashariki hekta zipatazo 35,000. Baadhi ya waliopewa walikuwa maskini wasio na ardhi kwa kweli. Wengine hawakuwa maskini hata kidogo. Mashoka yalifanya kazi mchana na usiku. Mwaka 2008 Waziri Mkuu Raila Odinga aliunda jopo la kuchunguza habari za Mau, na taarifa yake ikatolewa mwaka 2009. Waogiek nao walipeleka malalamiko yao hata yakafika mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama hiyo iliamua ya kuwa haki zao zilivunjwa, na ya kuwa haikuonyeshwa kwamba wao ndio walioumaliza msitu. Tarehe 23 Juni 2022 iliamuru walipwe fidia ya shilingi milioni 157 na zaidi, na ardhi yao itambuliwe kwa hati. Kati ya kuamuru na kutenda pana safari ndefu, na mwaka 2023 nyumba za Waogiek zilibomolewa tena huko Sasimwani, katika kaunti ya Narok.

Mto uliyasema hayo yote kwa namna yake. Msitu hupokea mvua polepole na kuitoa polepole, kama mama mwenye busara agawaye unga wa ghala hata mavuno mengine. Msitu ukiondoka, mvua hushuka yote kwa siku moja. Mto uliozoeleka kutiririka mwaka mzima ulianza kukauka sehemu za chini katika miezi ya jua kali, na mvua iliponyesha ulishuka kwa kishindo, maji yake yakiwa na rangi ya chai iliyotiwa maziwa. Rangi hiyo ni udongo wa mashamba ya juu. Mkulima wa Nessuit aliyenunua mbolea kwa fedha nyingi aliipeleka ziwani bila ya kujua, na nauli hakulipa.

Hapo ndipo laonekana ajabu ya mpango uliofuatwa tangu siku za ukoloni. Ziwa Nakuru lilianza kulindwa kwa ajili ya ndege mnamo mwaka 1960, likawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968, na mwaka 1990 likawa mahali pa kwanza katika Kenya kuandikwa katika Mkataba wa Ramsar wa kulinda maziwa na mabwawa. Mwaka 2011 liliwekwa pamoja na Bogoria na Elmenteita katika orodha ya Urithi wa Dunia. Limezungushiwa uzio wa umeme, na uzio huo umewaokoa vifaru, jambo ambalo kila mtu apaswa kulishukuru. Lakini uzio huzuia mtu na ng'ombe, hauzuii maji. Mto Njoro huingia hifadhini kwa mlango wake wenyewe, haukati tikiti, nao hubeba ndani kila kitu kilichotendwa nje. Ziwa lililindwa kwa bunduki na nyaya, na mto uliolilisha ukaachwa kuwa shimo la taka.

Jambo jingine latia huzuni zaidi. Nakuru, uliopata hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, umejengwa karibu kabisa na uzio huo, hata mtu wa Rhonda aweza kusikia sauti za wanyama usiku akiwa kitandani. Hata hivyo si vigumu kumpata mtu mzima aliyezaliwa hapo ambaye hajaingia hifadhini hata mara moja, na flamingo amewaona katika picha tu. Vyama vya Wanyamapori vya Kenya, vilivyoanzishwa mwaka 1968 kwa ajili ya vijana wa shule, vimejitahidi kuondoa aibu hiyo, na vina bweni ndani ya hifadhi yenyewe ambamo watoto hulala na kuamka ziwani. Mtoto aliyeamka humo hahitaji kuhubiriwa. Wasiwasi ni juu ya yule aliyekua nje ya nyaya akiambiwa ya kuwa kilicho ndani si chake, na kwamba mto upitao nyuma ya nyumba yao si wa mtu.

Kuanzia mwaka 2003 mabingwa wa Chuo Kikuu cha Egerton, pamoja na wenzao wa vyuo vikuu vya Marekani, waliuchunguza mto huu kwa miaka kadhaa, wakiwauliza watu na kuyapima maji. Habari zilizopatikana mtoni ni za kawaida, na ndiyo maana zina maana kubwa. Maji ya alfajiri yalikuwa safi kuliko ya mchana. Jua lilipopanda waliteremka wenye ng'ombe, wenye mbuzi, wanawake wenye nguo za kufua na wauza maji wenye punda, wote mahali pamoja. Na kwa kadiri miguu ilivyozidi ndivyo tope na vijidudu vya maradhi vilivyozidi. Mtu aliyekuwa akijaza mtungi wa kunywa alisimama hatua chache chini ya punda aliyekuwa akikojoa. Kisha mtungi huo uliuzwa mjini.

Mwepesi wa hukumu atasema: basi wafukuzwe! Lakini waende wapi? Maji ya bomba hayafiki kila nyumba, na ng'ombe hawezi kuambiwa asubiri. Uchunguzi huohuo ulionyesha pia ya kuwa watu wa ukingoni wanaijua mimea ya mto kwa majina na kwa kazi, kama mzambarau-mwitu ulio wa kivuli na matunda, na mingine ambayo gome lake ni dawa ya tumbo la mtoto. Mtu ambaye dawa ya mwanawe yaota kando ya mto si adui wa mto. Kinachomkosesha ni kwamba hana mahali pake palipotengwa, wala kazi aliyopewa, wala sauti ya kumkemea mgeni ajaye na lori kuchota mchanga.

Ugomvi mkubwa ni wa ukingo. Kanuni za maji za mwaka 2007 ziliagiza ya kuwa iachwe nafasi isiyolimwa kila upande wa mto, isiyopungua mita 6 wala kupita mita 30, kwa kadiri ya upana wa mto wenyewe. Kuandika ni rahisi. Na afikiriwe mkulima mwenye ekari moja na nusu iliyoshuka hata majini, na watoto watano. Kipande cha ukingoni ndicho chenye sukumawiki ya kiangazi, ndicho kilipacho karo. Ajapo mzee wa chama cha watumiaji wa maji na kamba yake ya kupimia, maneno yao hayakosi kuwa hivi.

"Shikamoo, mzee. Karibu. Lakini hiyo kamba yako yaingia jikoni mwangu."

"Marahaba, mwanangu. Haingii jikoni. Yaingia katika ile ekari ambayo mto uliichukua mwaka juzi usiku, nawe ukaja kwangu asubuhi kulia."

"Na nikiacha mita hizo, wa ng'ambo ataacha?"

Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Hakuna mkulima akubaliye kulala njaa kwa faida ya jirani asiyeacha hata futi moja. Kwa hiyo vyama vya watumiaji wa maji, vilivyoruhusiwa na Sheria ya Maji ya mwaka 2002, vimefaa pale tu vilipowapima watu wa pande zote mbili siku moja, wakitazamana. Pale palipopimwa upande mmoja, vigingi viling'olewa na kutiwa chini ya chungu.

Yako mambo madogo yaliyoonekana kufaa. Ukingo ukiachwa bila ya kukanyagwa, miti yake yenyewe hurudi, kwa kuwa mbegu na mizizi imo udongoni tayari. Kazi ya mtu ni kuzuia ng'ombe na jembe kwa miaka michache. Majani ya matete na mabingobingo yakipandwa juu kidogo ya mpaka, hushika udongo na kumpa mkulima lishe ya ng'ombe, asione amenyang'anywa. Birika la kunyweshea mifugo likijengwa mbali na maji, wanyama hunywa huko wasiingie mtoni. Mikaratusi yastahili neno lake: ni mti wa fedha ya haraka, lakini hunywa maji kama askari atokaye safari, na mwaka 2009 marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, aliagiza ing'olewe kandokando ya mito. Wengi waliikata. Wengi wameiacha ichipue tena, maana karatusi likikatwa hudhani limeombwa kuzaa.

Kupanda miti ni jambo jema lenye hatari ya kuwa ngoma. Januari 2010 viongozi wakuu walikwenda Kiptunga, karibu na bwawa la Enapuiyapui ambalo ni chimbuko la mto Mara, wakaanza kupanda miche ya kuurudisha msitu wa Mau. Tarehe 13 Novemba 2023 taifa zima lilipewa siku ya mapumziko ili kila mtu apande. Picha hupigwa, hotuba husomwa, magari huondoka. Mche uliobaki wahitaji mtu wa kuupalilia Februari, wakati ambapo hapana mpiga picha, na mtu huyo hawezi kuwa mwingine ila akaaye hapo.

Jiji la Nairobi lilijifunza jambo hilo kwa gharama. Mwaka 2008 Michuki huyohuyo aliwaondoa mafundi wa magari na marundo ya taka katika ukingo mmoja wa mto Nairobi karibu na mzunguko wa Globe, akapanda miti, na bustani ile ikaja kuitwa kwa jina lake. Alipofariki mwaka 2012 uangalizi ulilegea, taka zikarudi, na watu wakaogopa kupita. Ilikuwa lazima kazi ifanywe upya, na mwaka 2020 bustani ilitengenezwa mara ya pili. London pia ilipata kuuzika mto wake: mwaka 1957 wataalamu wa viumbe walitangaza ya kuwa sehemu za Thames hazina uhai. Waingereza hawakuzungushia mto ule uzio. Walitengeneza mitambo ya maji machafu, wakangoja, na mwaka 1974 samaki aina ya samoni alionekana tena.

Kwa Nakuru, mto hautoi nafasi ya kungoja sana. Tangu mwaka 2010 hivi mvua kubwa zimelijaza ziwa, ambalo katika miaka ya 1990 lilipata karibu kukauka kabisa. Eneo lake lilikuwa kama kilomita 40 za mraba, likapita 60. Lango la hifadhi lilizama, miti ya migunga ikafa imesimama majini, na nyumba za Mwariki zikaingiwa na maji hata wenyewe wakahama. Wataalamu waliona ya kuwa mvua ndiyo sababu kubwa. Lakini nchi iliyovuliwa miti huleta maji na udongo kwa kasi, na mtu aliyebebwa na kitanda chake haulizi sana ni kipi kilichotangulia. Maji yalipopungua chumvi, chakula cha flamingo kilipungua pia, na wengi wao waliruka kwenda Bogoria.

Baadhi ya ndege hao hurudi kwa vipindi. Wakirudi hukusanyika penye midomo ya mito na chemchemi, kwa kuwa maji ya ziwa ni ya magadi, nao hutafuta maji baridi ya kunywa na ya kuoshea manyoya yao. Kwenye mdomo wa Njoro maji hayo huwa yamekwisha pita Nessuit, chuo kikuu, daraja la Njoro na nyuma ya nyumba za Kaptembwo. Huko juu, kabla jua halijachomoza, punda wa kwanza huwa ameshateremka na mitungi yake minne, na mwenye punda huketi juu ya jiwe akingoja maji yatulie kabla ya kuchota.